Oslo hadi Hammerfest kwa reli na ndege ndogo: naomba maelekezo ya njia

Gadi Mstaafu, Tabora · 3 Machi

Habari za humu ndani, ndugu zangu.

Mimi ni mstaafu wa reli, nina miaka 69. Nilianza kazi 1979, nikastaafu 2016, na muda mwingi nilikuwa gadi wa treni za abiria Reli ya Kati: Dar, Dodoma, Tabora, Kigoma, na miaka sita kwenye tawi la Kaliua kwenda Mpanda. Binti yangu wa pili ni muuguzi Hammerfest, kule juu kabisa Norway. Amejifungua mwezi wa kwanza, mtoto wa kiume, wamempa jina langu. Mwezi wa Juni nakwenda kumpakata.

Binti kanipangia ndege tupu. Dar, nabadilisha mara moja, Oslo, halafu Tromsø, kisha ndege ndogo hadi kwake. Nimekataa. Nilifungua ramani nikaona reli inatoka Oslo hadi Trondheim, inaendelea hadi Bodø, na hapo ndipo inapoishia. Nimejumlisha kilomita, ni karibu sawasawa na Dar hadi Kigoma. Sasa mtu aliyelala kwenye behewa la gadi miaka yote hiyo apitishwe angani juu ya reli ndefu namna hiyo, asione hata kituo kimoja? Nimemwomba mwanangu siku nne badala ya moja na nusu. Kakubali, ila anaogopa nitapotea njiani. Ndiyo maana nauliza.

Tiketi za treni ninunue moja moja, au ile pasi ya Ulaya nzima inayotangazwa mitandaoni? Kutoka Bodø napanda ndege ndogo hadi Tromsø na nyingine hadi Hammerfest: zikoje kwa mzee mwenye goti bovu? Na mzigo wangu ni asali ya Tabora, dagaa wa Kigoma na unga wa muhogo. Vyote vinaingia?

Kiingereza changu ni cha kazini, cha kuelewana. Kinorwe sijui hata neno.

Mpemba wa Bodø · 3 Machi

Shikamoo baba, na hongera kwa mjukuu. Mimi mzaliwa wa Chake Chake, mwaka wa kumi na moja huu niko Bodø, nafanya kazi nyumba ya wazee. Njia uliyoichagua nimeipita na wanangu mara nyingi. Usikubali kubadilishwa.

Pasi achana nayo. Sisi tunaoishi Ulaya tunauziwa Interrail, wewe unayetoka nje ungeuziwa Eurail, na ukishatimiza miaka 60 wanapunguza asilimia 10. Lakini pasi inamfaa anayezunguka nchi tano sita. Wewe una safari mbili tu za treni. Nunua tiketi mbili, na mapema, kwa sababu za bei nafuu ndizo zinazokwisha kwanza. Wakati wa kununua utaulizwa ni abiria wa aina gani: chagua *honnør*, ndiyo nauli ya wazee kuanzia miaka 67. Binti akununulie, akutumie kwenye simu, na wewe uzichapishe kwenye karatasi pia. Beba kadi ya benki. Huku noti watu wameshazisahau.

Oslo hadi Trondheim ni mwendo wa saa saba hivi. Ukishapita Lillehammer treni inafuata bonde la Gudbrandsdalen, mto uko chini yako, halafu inapanda mlima wa Dovre hadi juu ya mita elfu moja. Agosti 2023 mafuriko yaliangusha daraja la reli pale Ringebu, na treni hazikupita tena hadi Mei 2024. Nakutajia kwa kuwa wewe ni mtu wa reli, utataka kuwa macho mkifika hapo.

Trondheim lala usiku mmoja. Kesho yake ndiyo siku yenyewe. Nordlandsbanen, yaani reli ya Trondheim hadi Bodø, kilomita 729, njia moja, treni ya dizeli, karibu saa kumi nzima. Kaa upande wa kushoto. Bahari ya Trondheim iko kushoto, ziwa la Snåsa liko kushoto, na jioni, kuanzia Rognan hadi unaingia Bodø, maji yako kushoto. Anayekaa kulia anaangalia miamba.

Baada ya mji wa Mo i Rana vijiji vinapungua, miti inafupika, halafu inakwisha kabisa. Hapo ni mlima wa Saltfjellet. Juni utakuta bado kuna theluji mabaka mabaka. Kuna mahali utaona minara miwili ya mawe, mmoja kila upande wa reli: ndiyo mstari wa Aktiki, unapoanzia ukanda wa kaskazini ambako kiangazi jua halizami. Aghalabu hutangaza kwenye spika, lakini kwa Kinorwe, kwa hiyo ukiona abiria wanatoa simu zao, nawe tazama nje.

Na jambo moja, baba, nalisema kwa sababu watalii wengi hupita hapo bila kuambiwa. Wajerumani walipoitawala Norway kuanzia 1940 waliisukuma reli hii kaskazini kwa mikono ya wafungwa wa vita, wengi wao Wasovieti. Walifanyishwa kazi kwenye theluji bila nguo za maana wala chakula. Karibu na Rognan, mahali paitwapo Botn, yapo makaburi. Barabara ya huko, iliyochimbwa na wafungwa wa Yugoslavia, mpaka leo inaitwa Blodveien, Njia ya Damu. Reli yenyewe ilifika Bodø 1962. Kila nikipita hapo huwasomea Fatiha wale waliokuwa Waislamu miongoni mwao, na wengine nawaombea.

Ndege ndogo sasa. Zinazokwenda Hammerfest ni Dash 8, ndege za pangaboi za viti 39, ndugu wadogo wa zile Bombadia za kwetu. Kwa goti lako ni nafuu kuliko ndege kubwa: mlango ndio ngazi, vidaraja vichache tu na umo ndani. Bawa liko juu ya madirisha, kwa hiyo chini unaona kila kitu. Begi la mkononi liwe dogo, vijisanduku vya juu ni vyembamba, likizidi watalichukua pale ngazini walitie chini. Viwanja vya huko ni vifupi, vingine mita 800 na kitu. Wakati wa kuruka rubani hukanyaga breki, injini zinaunguruma mpaka kiti kinatetemeka, halafu anaiachia. Mara ya kwanza nilishika mkono wa mtu nisiyemjua. Sisi tuliozoea kuvuka Unguja kwenda Pemba kwa vindege vya injini moja hatuna ugeni sana, lakini upepo wa huku ni mwingine.

Hilo la upepo ndilo ninalokuomba ulizingatie kuliko yote. Siku ya kurudi, usipange ndege ya Hammerfest na ndege ya kwenda Afrika kwa siku moja. Mimi nilipanga hivyo mwaka mama alipougua. Ukungu ukatufunga Vadsø, mji mwingine mdogo wa kaskazini, tangu asubuhi hadi usiku, ndege ya Oslo ikaondoka bila mimi, na kwa kuwa tiketi zilikuwa za makampuni mawili tofauti hakuna aliyenirudishia hata senti. Nilimkuta mama kashazikwa. Weka siku nzima katikati, baba. Hata mbili.

Kuhusu mzigo: nyama na maziwa usijaribu, vya aina yoyote. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2 kwa mtu. Samaki hadi kilo 20, dagaa wakavu hawana shida. Unga beba, ila uwe kwenye mfuko uliofungwa dukani, usiwe wa kufungwa kwa kamba.

Mwisho, Juni huku jua halizami. Beba kitambaa cheusi cha kufunga macho. Kama unaswali, wapo wanaofuata saa za Makka na wapo wanaofuata mji wa kusini. Muulize binti yako wenzake wa Hammerfest wanafuata ipi.

Dereva wa Dortmund · 4 Machi

Shikamoo mzee. Nami nakubaliana na dada kuhusu pasi. Nyongeza ndogo kwa wengine watakaosoma hapa: mwenye kutaka kuzunguka Ujerumani polepole, ipo tiketi ya mwezi ya treni zote za mikoani, Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, mwaka 2025 ikapanda hadi 58. Treni za mwendo kasi haziingii, lakini mimi na mke wangu tulitoka Dortmund hadi mpaka wa Austria kwa siku mbili bila kulipa nauli nyingine. Tulibadilisha treni mara saba. Ukitaka kuusitisha mkataba wake usitishe mapema, maana hujirudia wenyewe kila mwezi.

Mzee, kwa nini usimalizie kwa meli? Kutoka Bodø kuna meli ya pwani kila siku hadi Hammerfest, inalala njiani usiku mbili.

Mama Rehema, Ilala · 4 Machi

Baba yangu, visa ombea Norway hata kama ndege yako itatua kwanza Amsterdam, kwa sababu Norway ndiko unakokwenda kukaa. Ada ni euro 90. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo anza wiki hii. Mimi nilichelewa nikaenda harusi ya mdogo wangu kwa njia ya video.

Gadi Mstaafu, Tabora · 5 Machi

Marahaba wanangu. Mwenyezi Mungu awalipe.

Dada wa Bodø, pole sana kwa mama. Nimelisoma hilo mara mbili. Binti yangu naye nimemsomea kwenye simu, na amebadilisha tarehe ya kurudi leo hii hii.

Hilo la wafungwa sikulijua. Reli yetu ya Kati nayo ni ya Wajerumani, ilianza Dar 1905 ikafika Kigoma 1914. Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua wa kubeba mataruma kati ya Tura na Tabora. Mabega yake yalikuwa na makovu mawili kama alama za nira. Nikipita hapo Rognan nitavua kofia.

Dereva, meli naiogopa. Ziwa Tanganyika lilinitosha.

Gadi Mstaafu, sasa niko Hammerfest · 24 Juni

Nimefika, wanangu. Nimeona niwaletee mrejesho, kwa sababu mlinipa muda wenu.

Ya Oslo sina mengi, nililala tu. Dovre nimeipenda. Lile daraja la Ringebu nililisubiri nimesimama mlangoni. Mwisho wa 2009 sisi mafuriko yalitufagilia reli kule Kilosa, tuta lote likaondoka na mto, mataruma yakabaki yananing'inia hewani na reli zake kama ngazi ya kamba. Mtu ambaye hajaona hali hiyo hawezi kujua daraja jipya lina uzito gani moyoni. Nilishukuru Mungu kimyakimya, tukapita.

Siku ya pili nilikaa kushoto kama nilivyoelekezwa. Maji sikuyaangalia sana, samahani dada. Nilimwangalia gadi.

Alikuwa mama wa makamo, nywele fupi. Kila kituo anashuka yeye wa kwanza. Anasimama, anatazama nyuma hadi behewa la mwisho, anatazama mbele, anatazama tena nyuma. Filimbi. Mkono. Ndipo anapanda, na mlango wake ndio wa mwisho kufungwa. Ni kazi yangu ile ile niliyoifanya miaka 37, ishara kwa ishara, pungufu ya bendera ya kijani tu. Baada ya kituo cha Grong alikuja kukagua tiketi, nikamwonyesha picha yangu ya 1988 nimesimama stesheni ya Itigi na taa ya mkono. Alikaa. Alinyamaza akiitazama, halafu akaniuliza treni yangu ilikuwa na mabehewa mangapi. Watu wengine huuliza kama kuna simba. Nikamwambia kumi na nne, wakati mwingine kumi na saba. Akapiga mluzi.

Kuna kituo juu ya Saltfjellet kinaitwa Lønsdal. Nyumba moja ya kituo na mlima, hakuna kingine ninachoweza kusema nilikiona. Treni ikasimama. Akashuka kijana mmoja na begi kubwa mgongoni, na mbwa. Gadi akashuka naye, akatazama nyuma, akatazama mbele, akapuliza filimbi kwa utaratibu uleule wa Trondheim penye mamia ya abiria. Treni nzima kwa ajili ya mtu mmoja na mbwa wake.

Nililia, siwafichi. Nimekumbuka kituo cha Ugalla, tawi la Mpanda, wakati wa masika, mama na watoto watatu na tenga la kuku, saa nane za usiku, mvua inanyesha, barabara haipo. Pale treni ikisimama ndipo mtu anafika nyumbani. Isiposimama hana nyumba. Nimeshuhudia vituo vidogo vikifungwa kimoja kimoja kwa hesabu kwamba abiria ni wachache. Ni kweli ni wachache. Lakini wale wachache hawana njia nyingine, na mwenye njia nyingine hakuwa abiria wetu tangu mwanzo. Nilikuwa nayasema haya kwenye vikao nikionekana mzee wa kulalamika. Sasa nimeona nchi tajiri inafanya hivyo hivyo nilivyokuwa nasema, na haijafilisika.

Rognan nilivua kofia. Abiria wa mbele yangu aligeuka akanitazama, nadhani alielewa, maana naye alitulia.

Bodø reli inaishia kabisa, vizuizi viwili na mbele yake mji na bahari. Dada Mpemba alinipokea stesheni na wanawe wawili, akanipikia wali na samaki wa nazi. Sikutarajia kuonja nazi juu ya mstari wa Aktiki. Watoto wanasema "shikamoo babu" kwa lafudhi ya Chake na Kinorwe pamoja.

Ndege sasa. Kwenda Tromsø nilikaa nyuma kidogo ya injini, nikagundua kwamba gurudumu linakaa ndani ya injini yenyewe, yaani ndani ya lile ganda lake. Tulipokaribia kutua vifuniko viwili vikafunguka, mguu ukateremka taratibu, ukajinyoosha, ukakaza. Tairi mbili, naziona kwa macho yangu, mita mbili tatu kutoka dirishani. Nikawa nazisubiri ziguse chini. Zilipogusa zikatoa moshi mweupe kidogo, basi. Toka hapo woga ulinitoka. Ukiona chombo kinavyofanya kazi hukiogopi.

Kwenda Hammerfest tulikuwa abiria kumi na wanane, mhudumu mmoja. Mama aliyekaa pembeni yangu alikuwa na bandeji jichoni, katoka hospitali Tromsø. Nyuma yake baba na mtoto aliyefungwa plasta mguu mzima. Mhudumu alimjua yule mama kwa jina. Binti yangu ameniambia ndivyo ilivyo: ndege hizi ndizo basi la wagonjwa, na serikali hulipia sehemu ya gharama za njia zisizo na faida ili zisikatwe. Yaani ni Lønsdal ile ile, ila ya angani.

Upepo ulikuwepo. Ndege ilitua kama inayosukumwa begani, ikafunga breki kwa nguvu hadi miwani yangu ikatua mapajani. Mama wa bandeji hakutikisika hata kidogo, alikuwa anatafuta funguo zake kwenye mkoba.

Mji ni mdogo, uko baina ya mlima na bahari. Wajerumani waliuteketeza walipokuwa wanaondoka, wakabakiza kanisa dogo la makaburini tu. Kwa hiyo karibu kila nyumba unayoiona imejengwa baada ya vita. Kulungu wa huku, wale wa baridi, wanatembea mitaani kama mbuzi wa Tabora, jana mmoja kala maua ya jirani.

Asali ilipita, kilo 2 kamili, nilipima kwa muuza sukari mtaani kwetu. Dagaa wamekwisha siku ya tatu.

Mtoto ana miezi mitano na analala akisikia filimbi. Si mzaha, nilikuja na filimbi yangu ya kazini, naipuliza polepole, anafumba macho. Jua liko dirishani saa sita za usiku na yeye amelala.

Mpemba wa Bodø · 24 Juni

Babu, watoto wanakuulizia kila siku. Ukirudi unalala kwetu usiku wangapi?

Gadi Mstaafu, sasa niko Hammerfest · 25 Juni

Mbili, mwanangu, kama ulivyonifundisha. Nashuka Bodø tarehe 9 Julai, naondoka na treni ya tarehe 11. Kurudi maji yanakuwa kulia, nimeshamwambia binti achague kiti cha huko. Safari hii nitayaangalia.